Mkono wa Kufungia Mbeleko

Mkono wa kwanza walionitengenezea ulikuwa mzuri, na niliuchukia tangu siku ya kwanza. Ulikuwa na vidole vitano vya mti, vimepakwa rangi iliyokaribia yangu, hata kucha zimechorwa. Fundi wa karakana ya hospitali ya misheni aliugeuzageuza mbele yangu kama anayeuza kitenge.

"Ukivaa sweta, mama, hakuna atakayejua," akasema.

"Nani kakwambia nataka wasijue?"

Mashine ya kumenya kahawa ilikuwa imeula mkono wangu wa kushoto pale shambani Oldeani, nikiwa mjamzito. Kambi nzima ya vibarua ilijua. Nilichotaka ni kumfunga mwanangu mgongoni bila kumwita jirani. Mama mkwe alikuwa ameshatuma ujumbe kutoka Singida: mavuno yakiisha anakuja kumchukua mtoto akamlee yeye, kwa sababu mama wa mkono mmoja atamwangusha. Mume wangu aliniletea habari hizo kama anayeniambia mvua imenyesha Karatu. Nikamuuliza amejibu nini. Akasema mama ni mama.

Basi nikauvaa ule mkono. Mkanda wake ulizunguka bega, ukapita kifuani, ukabana kwapa la upande wa pili. Ulishonwa kwa kipimo cha kifua cha mwanamume. Ziwa likijaa, mkanda ulilikata. Maziwa yalivuja, ngozi ya mkanda ikayanywa, ikanuka kama kibuyu kisichooshwa, na miaka ile sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Asubuhi za ukungu kile kikombe cha mti cha kuingizia kigutu cha mkono wangu kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na hadi mchana kilikuwa kimenichuna. Vile vidole vizuri havikushika kitu. Mbeleko iliteleza juu yake, mtoto naye akateleza nayo, nikamdaka kwa kiwiko.

Nikarudi hospitalini kwa lori la mahindi, mtoto mapajani. Nikamwekea fundi mkono wake mezani.

"Vikate vidole," nikasema.

Alinitazama kama nimemtukana. Akasema kazi yake ni kutengeneza mikono, siyo vibao. Nikamrushia mbeleko, nikamwambia afunge gunia mgongoni kwa mkono mmoja. Hakujaribu. Nikafungua blauzi upande mmoja, nikamwonyesha kidonda cha mkanda. Aligeuza uso, lakini alikuwa ameshaona.

Tulibishana mpaka jua likahamia upande wa pili wa karakana. Mwishowe akavikata vidole, na mahali pake akaweka kipande kifupi bapa cha mti chenye mwanya unaobana kuelekea ndani. Kikombe akakitandika ngozi ya kondoo, manyoya ndani, na mkanda ukafungwa juu ya kiwiko tu, kifua kikabaki huru. Mkono huo hakuupaka rangi, na hakuniaga.

Mavuno yalipoisha, mama mkwe alifika na binti yake. Nilikuwa bado namimina chai wifi alipoanza kukunja nguo za mtoto.

"Ziache hizo, wifi," nikasema. "Mama, tazama."

Nikainama, nikamlaza mtoto mgongoni, nikatupia mbeleko juu yake. Ncha moja nikaisokomeza kwenye mwanya, ya pili nikaivuta kwa mkono wa kulia, nikazungusha, nikakaza fundo. Mti haukuachia. Nikasimama wima, nikarukaruka kidogo makusudi. Mtoto akacheua begani kwangu, akatulia.

Mama mkwe hakufurahi, wala sikutegemea afurahi.

"Hicho ni kipande cha mti," akasema. "Siku kikivunjika, nani atakusaidia kumfunga?"

Nikamtazama mwanawe, mume wangu. Alikuwa ameegemea mlango wa chumba chetu, mikono yake yote miwili mfukoni, akingoja kusikia mama yake ataamua nini.

Mama mkwe alifuata macho yangu, akamwona. "Na wewe mwenye miwili umeiweka mfukoni," akasema. Kisha akamwambia wifi azirudishe zile nguo.