Dada Yangu Alitaka Kuzikwa Ukunda

Wageni huipenda Diani kwa mchanga wake. Mimi niliipenda Ukunda, mji ulio nyuma ya mchanga huo, na mapenzi hayo nilitiwa na dada yangu.

Mama yetu alifariki kijijini kwetu Mkongani, juu milimani, nami bado mdogo. Dada, ambaye mumewe alikuwa amemwacha, alinishika mkono tukateremka Ukunda. Tulipanga chumba nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Siku za mwanzo nililia kwa sababu ya kelele: nyundo, pikipiki, redio za majirani.

"Zizoee, mdogo wangu," akaniambia. "Mji ukikupigia kelele, ujue umekuona."

Kila asubuhi aliuza mahamri na mbaazi za nazi kando ya barabara kuu. Walikuja watu wa mahoteli, waendesha bodaboda, walimu, kina mama wauza samaki. Alijua nani mgonjwa na nani amenuniana na mkewe, na si mara moja aliwapatanisha watu kwa sahani moja ya mbaazi. Mimi nikajifunza kazi katika karakana ile ile, nikaoa, nikapata watoto, na bado kiamshakinywa changu nilikila kwake.

Kisha figo zikamsumbua, akalazwa hospitali ya Msambweni. Jioni nilipokwenda kumtazama hakupenda kuzungumzia dawa.

"Leo kuna nini mjini?"

Nikamweleza kwamba lori la matikiti lilipinduka karibu na soko, na mwenye mali, alipoona hakuna aliyeumia, alikaa chini akaanza kuwagawia watu yale yaliyopasuka. Dada alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka naye.

Siku moja akaniomba, "Kesho asubuhi simama pale pangu, unipigie simu. Usiseme kitu. Iache tu."

Nikasimama, nikaiinua simu. Makanga wa matatu walikuwa wakiita watu wa Likoni, muuza kahawa akigonga vikombe vyake, wanawake wawili wakigombania tuktuk. Nilipoirudisha sikioni, nilimsikia akilia.

"Huyo anayekohoa ni mwalimu," akasema. "Mwambie anywe tangawizi." Kisha akaongeza, "Nikifa, nizikeni hapo hapo Ukunda. Msinipeleke Mkongani. Siku hizi kule simjui mtu."

Wiki haikuisha, akafariki.

Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu, alifika hospitalini kabla yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Makiwa. Gari la kumpeleka Mkongani liko njiani."

Nikamweleza wosia wa dada. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Mtu huzikwa kwao," akasema.

"Kwao ni Ukunda, baba."

"Ukunda ni mahali pa kazi. Mama yake yuko Mkongani." Sauti ikamkatika. "Nilimwacha akaondoka akiwa hai, mwanangu. Siwezi kumwacha tena."

Ningemkuta na ukali, ningepigana naye. Lakini mzee wa watu alikuwa akilia, na wazee wote aliokuja nao walikuwa upande wake. Nikashindwa.

Tulimzika Mkongani alasiri ile. Niliingia kaburini mimi mwenyewe kumpokea, akawa mwepesi mikononi mwangu kama mtoto. Nilipotoka nikaona waendesha bodaboda wa Ukunda wamepanda milima hadi huko, Waislamu na Wakristo, wamesimama na kofia zao ngumu mikononi. Hakukuwa na sauti ila ya majembe. Mmoja wao akaangua kilio, na mzee wa pale akamkemea.

"Taratibu, kijana. Kaburini hapapigwi kelele."

Nilitamani amwache.

Niliporudi mjini watu walinipa mkono wa pole kila nilipopita. Lakini haukupita muda, mama mmoja akaleta meza yake na kikaango cha chapati, akaketi pale pa dada. Simlaumu, ana watoto. Hata hivyo asubuhi ile, mimi niliyeupenda mji huu kwa kuwa haulali, niliuchukia kwa kuwa haukusimama hata kidogo. Wateja walipanga foleni wakicheka. Harufu ilikuwa nyingine.

Akaja kijana wa bara afanyaye kazi hotelini, aliyekuwa amekwenda kwao likizo. Akaitazama ile meza, kisha akanisogelea karakanani.

"Boss, yule mathe wa mbaazi ako wapi siku hizi?"

Nilijua la kusema. Nilikuwa nimekwisha kulisema kwa watu wengi. Siku hiyo ulimi ulikataa.

"Amekwenda kwao, Mkongani."

"Ah, poa. Na atarudi lini?"

Nikavaa miwani ya kuchomelea, nikaliinamia geti lililokuwa mbele yangu. Alingoja kidogo, kisha akaenda kununua chapati.