Mama Udongo na Fainali Iliyochelewa

Mama Udongo alipewa jina hilo kwa sababu ya viatu vyake: kila alikopita aliacha vumbi jekundu, hata kwenye zulia la wakwe wa binti yake. Alikuwa mtunza viwanja wa klabu ya tenisi. Kazi aliirithi kwa mumewe, mzee alipoumia mgongo na kubaki nyumbani miaka kumi na minane iliyopita.

Viwanja vyenyewe ni vya matofali yaliyosagwa laini kama unga. Vikikauka mno vinapeperuka. Vikilowa mno, mchezaji anavunjika mguu.

Mwaka ule klabu ilipewa mashindano makubwa ya kimataifa. Asubuhi ya fainali ya wanawake ikanyesha mvua. Turubai zilitandikwa mapema, lakini moja ilikuwa na tundu, maji yakapenya nyuma ya mstari wa mwisho.

Saa nane kasoro robo mkurugenzi wa mashindano alifika mbiombio, simu kila mkono.

"Mama, saa nane kamili tunaonekana dunia nzima. Uwanja si umekauka?"

"Juu umekauka." Akapiga goti, akadidimiza kidole gumba. Kishimo kikajaa maji polepole. "Chini bado."

"Mwamuzi mkuu ameshaukagua."

"Ameutazama. Hajaugusa. Mwite auguse."

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyefanya kazi naye, alimnong'oneza, "Shemeji, ukifukuzwa, kaka atanila nyama."

"Utakuwa mgumu kutafuna. Lete chepe."

Mwamuzi akaja, akainama, akagusa. Alifuta kidole kwenye suruali yake nyeupe bila kujua. "Anzeni kuchimba," akasema.

Wakachimbua udongo uliolowa, wakajaza mkavu kutoka stoo, wakashindilia, wakapitisha brashi. Dakika hamsini. Mwanzoni watazamaji walipiga miluzi. Baadaye wakaacha, wakawa wanatazama tu, kama mtu anavyomtazama fundi. Kamera nazo, kwa kukosa cha kuonyesha, zikamganda Mama Udongo mgongoni.

Fainali ikachezwa. Katika seti ya pili mmoja wa wachezaji alikimbilia mpira palepale palipochimbuliwa, akateleza vizuri kwa mguu mmoja, akaurudisha, akainuka. Watu walishangilia pointi. Mama Udongo, kwenye mlango wa stoo, alishusha pumzi, kisha akakaa juu ya ndoo.

Jioni mumewe alimpokea akiwa bado ameielekea televisheni.

"Brashi uliianzia katikati," alisema. "Nilikufundisha uanzie pembeni."

"Ungekuja mwenyewe."

Mzee alijikuna kidevu.

"Kushindilia ningeshindilia. Lakini kumkatalia yule bwana, mke wangu, mimi nisingeweza. Ningesema ndiyo, halafu nikasali."

Mama Udongo alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akavua viatu, akaenda kupasha chakula.