Matanga ya Mama Yangu, Kariakoo

Nilifika Dar es Salaam nikiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nikitokea kwetu kando ya Ziwa Nyasa, ng'ambo ya mpaka. Nilitembea kwa miguu hadi Tukuyu, nikaendelea hadi Iringa, nikaipata reli Dodoma. Misheni ilikuwa imenifundisha kazi ya kupanga herufi za chapa, nami nilikuwa nimesikia kwamba Dar es Salaam watu wa kazi hiyo wanatafutwa. Ikawa kweli. Juma lile lile nikaajiriwa katika kiwanda kidogo cha chapa huko Uhindini.

Kazi niliijua, ila Kiswahili sikukijua. Mpanga herufi halazimiki kuelewa anachokipanga. Anaitazama karatasi, anaokota herufi za madini ya risasi moja moja, anazipanga kwa kinyume, basi. Kazi nyingi zilikuwa matangazo ya serikali, na kwa hiyo maneno yangu ya kwanza ya Kiswahili yakawa marufuku, faini, atakayepatikana, na watu wote wanataarifiwa. Niliweza kumzuia mtu asikate mikoko, lakini sikuweza kumwuliza amelalaje.

Nilipanga chumba Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane wa Kimanyema, mtu mzima, aliyekaanga vitumbua mlangoni kila asubuhi. Siku moja maji ya mtungi yalikwisha, nikamfuata nikamwambia kwa adabu zangu zote:

"Bibi, ninakutaarifu kwamba maji hayapo."

Nyumba nzima ilicheka. Tangu siku hiyo wapangaji wenzangu wakiniona ukumbini waliniita, "Ninakutaarifu!" Hawakuwa na ubaya. Lakini mtu anayechekwa kila afunguapo kinywa hujifunza kukifunga, nami nikakifunga. Asubuhi nilisema shikamoo kwa mama mwenye nyumba, nikanunua vitumbua viwili, nikakatiza Mnazi Mmoja kwenda kazini. Jioni nilirudi njia ile ile. Jina langu halikutamkwa na mtu. Nilikuwa Mnyasa tu.

Jumapili ndizo zilizokuwa ndefu. Nikitoka kanisani nilizunguka sokoni, si kwa kununua kitu, bali kusikiliza. Nilitembea polepole kati ya wauza muhogo na wauza mikeka nikitega sikio, labda nitasikia lugha ya kwetu. Mara moja nilisikia mtu akimwita mwenzake kwa sauti iliyopanda na kushuka kama yetu. Nikamfuata. Nilimfuata mpaka kwenye mteremko wa Jangwani, na huko akageuka.

"Ndugu, unanitafuta?"

Nikamsemesha kwa lugha yetu. Akanitazama tu. Alikuwa mtu wa Songea.

"Samahani," nikasema, nikarudi.

Mwaka wangu wa pili ilikuja barua ya kaka yangu. Niliisoma nikiwa nimesimama nje ya posta, watu wakinipita. Aliandika kwamba mama aliugua kifua siku tano, akafa, wakamzika karibu na baba. Alipoiandika mama alikuwa na juma moja kaburini, na barua yenyewe ilikuwa imetembea miezi miwili. Nilianza kuhesabu nyuma, nijue siku ile anazikwa mimi nilikuwa nafanya nini. Sikuweza kukumbuka. Ilikuwa siku kama nyingine.

Nikaikunja barua, nikaenda kazini.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na kwa maneno gani? Kwetu mtu akifa unasikia vilio kabla hujaambiwa, na hapo unajua la kufanya: unatoka, unakwenda vilipo. Hapa hapakuwa na mahali pa kwenda. Siku nane niliamka, nikasalimu, nikavuka Mnazi Mmoja, nikapanga herufi. Siku ya sita nilipanga mstari mzima juu chini. Msimamizi wetu, Mgoa mmoja mzee asiyependa maneno mengi, aliuleta mezani kwangu.

"Wewe mgonjwa?"

"Hapana, bwana."

"Basi panga tena."

Nikapanga tena.

Chakula ndicho kilichonisaliti. Vitumbua vilikuwa havishuki, nikaacha kununua. Asubuhi ya siku ya nane nilitoa shikamoo yangu, nikawa napita, mama mwenye nyumba akaniita.

"Mnyasa, mbona siku hizi huli? Vitumbua vyangu vimekuwa vibaya?"

Nikatafuta maneno. Yakaja yale yale niliyokuwa nayo.

"Bibi, ninakutaarifu kwamba mama yangu amefariki."

Mpangaji mmoja aliyekuwa akipiga mswaki pembeni alianza kucheka, akakoma. Mama mwenye nyumba hakucheka. Aliuweka upawa chini, akaliepua karai motoni ingawa unga ulikuwa bado mwingi kwenye bakuli.

"Lini?"

"Miezi miwili sasa."

"Na wewe umepata habari lini?"

"Siku nane."

"Siku nane!" Alinitazama usoni kana kwamba ndiyo kwanza nimehamia. "Siku nane unapita hapa unaniamkia, na mama yako amekufa? Mama yako alikuwa Mwislamu?"

"Mkristo."

"Basi hitima hatutamsomea. Lakini mkeka nitautandika. Leo huendi kazini."

Nilimwambia lazima niende. Akasema mtu atapeleka habari, na kweli alimtuma yule mpangaji wa mswaki. Kisha akatandika mikeka barazani kwa wanaume na mingine uani kwa wanawake, na yeye mwenyewe akatoa kilio kirefu mlangoni. Mtaa ukaja. Walikuja watu niliokuwa nikipishana nao karibu miaka miwili bila neno: fundi cherehani wa nyumba ya pili, muuza mkaa, wazee wa msikitini, wanawake ambao nilijua kanga zao tu. Kila mmoja alinishika mkono akasema, "Pole, Mnyasa." Walileta mchele, walileta kuni. Kahawa ikapikwa.

Mimi nilikaa katikati yao, jicho kavu. Niliona aibu. Uani mwanamke mmoja alikuwa akilia kweli kweli, na nilijua hamlilii mama yangu. Mzee mmoja akaniuliza marehemu akiitwa nani. Nikamtajia. Akajaribu kulitamka jina, likamshinda, wa pembeni yake akajaribu, likamshinda naye.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" mzee akauliza.

"Alikuwa mzuri," nikasema. Wakangoja. "Alikuwa... alilima muhogo."

Sikuwa na zaidi. Kulikuwa na mambo mengi, lakini hayakuwa katika Kiswahili changu. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

"Sema kwa lugha ya kwenu," akasema.

"Hawataelewa, Bibi."

"Nani kakwambia tumekuja kuelewa? Wewe sema."

Nikasema. Nilisema jinsi alivyocheka huku amefunika mdomo kwa sababu ya jino lililong'oka. Nilisema alivyogombana na kuku kama watu. Nilisema kwamba siku niliyoondoka alinisindikiza hadi mtoni, akageuka yeye kwanza, akaenda zake bila kutazama nyuma, ili asione mgongo wangu. Ukiacha yale maneno machache ya Jangwani, ilikuwa karibu miaka miwili sijaisikia lugha yangu kwa sauti, hata kutoka kinywani mwangu mwenyewe. Hapo ndipo nilipolia, na yule mzee akanishika bega mpaka nilipomaliza.

Jioni alikuja msimamizi wangu. Alivua kofia, hakujua akae wapi, wakamsogezea kigoda. Alikaa robo saa. Alipoinuka akaniambia, "Mama yangu kufa Goa, miaka mitatu sasa. Mimi nakwenda kazi tu." Akavaa kofia akaondoka.

Siku ya tatu tukaanua matanga. Mikeka ikakunjwa, kila mtu akaenda kwake, na barazani pakabaki makombo ya kahawa. Sitadanganya kwamba upweke uliondoka nao. Juma lile lilikuwa gumu kuliko yote, maana sasa nilijua nyumba inavyokuwa ikijaa. Watu waliniambia pole kwa muda, halafu wakaacha, kama ilivyo desturi. Lakini hakuna aliyeniita tena "Ninakutaarifu".

Miaka minne baadaye nilipata likizo, nikaenda kwetu. Kaka alinipeleka kaburini, kisha tukakaa kivulini mwa nyumba yake, nikamsimulia habari za mikeka ya Kariakoo.

"Watu gani hao?" akauliza.

Nikajaribu kumtajia, nikaona nusu yao sijui majina yao.

"Na hawakumjua mama?"

"Hawakumjua."

Kaka akamwita mkewe, akamwambia aje naye asikie, kisha akaniambia nianze tena mwanzo.