Kipimo cha Koplo

Barua ya kunialika aliileta mwenyekiti wa kijiji mwenyewe, akiwa ameikunja mara nne kana kwamba ina siri. Polisi wa vituo kadhaa watakutana Kibiti siku mbili kufundishwa uhalifu unaofanywa kwa akili mnemba, na waandaaji wanaomba niende nikawasimulie yaliyonipata. Waliniita mhanga. Neno sikulipenda, na nilikuwa tayari kukataa mpaka nilipofungua karatasi ya nyuma yenye majina ya washiriki. Jina la nne lilikuwa la polisi mmoja ninayemjua. Nikakubali pale pale, kwa ajili ya jina hilo tu. Mambo ya kuelimisha jamii niliyaandika kwenye fomu kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi.

Naishi Mloka, nyumba ya mwisho upande wa hifadhi. Kwa kuwa niko mwisho, tembo wakitoka mimi ndiye ninayewaona kwanza, na kwa miaka sita nilikuwa nikiwatangaza kwenye kundi la simu la kijiji. Sikuandika. Wazee wengi hawasomi, na wanaosoma wana jembe mkononi. Nilirekodi sauti, sekunde kumi au kumi na tano: wakubwa wametoka, wanaelekea bondeni, watu wa bondeni pandeni juu. Wakubwa ndivyo tunavyowaita. Bibi yangu alinikataza kuwataja kwa jina lao kabla mazao hayajaingia ndani, na hadi leo nikiwa shambani neno hilo halinitoki mdomoni. Watu wakisikia sauti yangu walikuwa wanaacha kila kitu na kuondoka. Sikulipwa wala sikuomba. Nilijiona mtu.

Mwaka juzi, msimu wa ufuta, saa saba mchana, sauti yangu iliingia kwenye kundi wakati mimi nafua. Ilisema tembo wengi sana wanakuja upande wa mashamba, watu wote wakimbilie barabarani. Niliisikiliza mikono ikiwa na povu, nikajiuliza nimeyasema haya saa ngapi. Hata kale kakikohozi kangu ka kuanzia kalikuwemo. Mpaka nijifute mikono na kuwaambia si mimi, watu walikuwa wameshaacha maturubai na magunia yao wanakimbia. Kenta moja, lori lile dogo, ikaingia kwa njia ya chini, ikapakia ufuta, ikaondoka. Alasiri watu waliporudi walikuta mabua. Shoga yangu, ambaye tulichezwa ngoma ya unyago siku moja na kutolewa ndani siku moja, alipoteza mavuno yote ya mwaka.

Polisi nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, sikukamatwa. Kituo sitakitaja. Nilimkuta koplo mmoja, mtu mpole kumtazama, na ndicho kinachoniudhi, kwa sababu ningekuta jitu katili ningejua la kufanya. Nilimweleza kwamba sauti ile sijaitoa mimi. Nilimweleza habari ya wakubwa, kwamba mimi nisingesema tembo, na mtu yeyote wa kwetu akitulia ataling'amua hilo. Alicheka. Akasema faili la polisi haliandikwi majina ya utani ya wanyama. Kisha nikaona wazo linamjia usoni, akachomoa simu yake mfukoni.

"Mama," aliniambia, "rudia maneno hayo hayo tulinganishe."

Nikarudia. Nilikuwa na haraka ya kuonyesha kuwa sina hatia, hata kikohozi nikakitia. Akapiga ile ya kundini, akapiga yangu, akawaita wenzake wawili wakasikiliza wakitikisa vichwa. Sauti ni moja, wakasema. Iwe mbili vipi? Ya pili ni yangu, na ya kwanza mtu ameichota kwenye klipu zangu za miaka sita. Lakini siku ile hilo nilikuwa sijalijua, na yeye wazo la kwamba hajui halikumpitia kabisa.

Nililala mahabusu siku mbili, wakaniachia kwa kuwa hawakuona kenta wala gunia. Nilipofika nyumbani nilikuta koplo ameshamaliza kazi. Alituma klipu yake kwenye kundi letu, dakika mbili nzima, kwamba wananchi watulie, kipimo kimefanyika kituoni na sauti ni ya mwenzao, uchunguzi unaendelea. Chini yake akaweka na ile aliyonirekodi. Waliokuwa na shaka wakanisikia nikisema mara ya pili.

Wiki tano baadaye wakubwa walitoka kweli, saba, jioni jua bado liko juu. Nilirekodi nikatuma. Nikaona alama kwamba klipu imesikilizwa, mtu wa kwanza, wa kumi, wa ishirini, na bondeni hakuna aliyeinuka. Nilimpigia shoga yangu, akakata. Nikapiga tena, akakata. Nikakimbia huku napiga kelele, lakini mtu wa umri wangu anakimbia wapi. Mume wake alikuwa kwenye mahindi ya mlau, yale tunayopanda mto ukishashuka, akiwa ameinama. Alirushwa. Nyonga ilivunjika, na leo anatembea na gongo. Hospitalini shoga yangu aliwaambia watu kwamba wakubwa nimewaita mimi. Tangu siku hiyo salamu yangu haitikii.

Wezi siwajui, na mtu usiyemjua ni vigumu kumchukia kila siku. Koplo namjua. Chuki yangu yote nilimwekea yeye, nikaitunza vizuri, na wala simwombi mtu msamaha kwa hilo.

Baadaye huko mijini sauti ya mkubwa mmoja wa serikali nayo iliigizwa, akasikika akitoa amri ambazo hajazitoa. Hapo ndipo jambo likaitwa uhalifu mpya na semina zikaanza. Ufuta wetu haukutosha kuwa uhalifu mpya.

Kibiti nilifika asubuhi. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa vyeupe, na kila afisa alikuwa na chupa ya maji na daftari jipya. Yeye alikuwa mstari wa tatu. Amepanda cheo, sasa ni sajenti. Hakunitambua, akaniamkia shikamoo vizuri tu, nikamwitikia.

Mkufunzi alikuwa dada mmoja kijana kutoka Dar es Salaam. Wakati wa chai aliniuliza kama nina sauti ya mtu yeyote aliyemo ukumbini, apate kuwaonyesha jinsi inavyoigizwa. Nilikuwa nayo. Ile klipu ya dakika mbili nimeihamisha simu tatu ili isipotee. Akasema tumwombe mwenyewe ruhusa, na sajenti akakubali huku anacheka na wenzake. Kisha dada akanipa karatasi niandike maneno ya kumsemesha. Nikaandika. Akayasoma, akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia hicho ndicho kilichonileta.

Nilisimulia yangu kwanza, bila kumtaja. Sajenti alipoanza kuelewa aliacha kuandika. Halafu dada akabonyeza, na sauti ya sajenti ikajaa ukumbi, tulivu, ya mtu mpole: sikujua kama sauti inaweza kutengenezwa, niliona aibu kusema sijui, nikamtangaza mtu asiye na hatia, na kwa ajili yangu mtu mwingine amevunjika.

Wenzake waliangua kicheko, wakidhani ni mzaha wa semina. Yeye alisimama akasema si mimi. Kwa hilo nilikuwa tayari miaka miwili.

"Tufanye kipimo chako, afande," nikamwambia. "Rudia maneno hayo hayo tulinganishe."

Kicheko kikaisha. Alimtazama mkuu wao aliyekaa mbele, labda amwokoe. Mkuu akamwambia arudie, maana ndilo somo lenyewe. Karatasi yangu ikapelekwa mpaka mkononi mwake. Aliisoma yote. Alipofika penye aibu sauti ilishuka, na penye kuvunjika ilibidi aanze upya. Mimi nilikuwa nimenyanyua simu, narekodi. Nilifurahi, sitasema uongo. Pilau ya mchana ule niliila nikaongeza.

Nilirudi Mloka nikashukia moja kwa moja kwa shoga yangu. Alikuwa anapepeta mpunga uani, mumewe kwenye kiti, gongo limeegemea ukuta. Sikusubiri kukaribishwa. Nikamwambia sikiliza, huyu ni koplo yule yule, anakiri kwa kinywa chake, kisha nikabonyeza. Aliacha ungo akasikiliza mpaka mwisho. Akaniomba nirudie, nikarudia. Nilikuwa naona machozi yangu mwenyewe yanakuja, nikajua jambo limekwisha.

"Na hii mmeitengenezea wapi?" akaniuliza.

Nikaapa. Akasema hata koplo aliapa amepima. Hakusema kwa ubaya. Akaokota ungo wake akaendelea kupepeta, na mumewe akaangalia pembeni.

Kesho yake nilimpigia sajenti, namba yake ilikuwa kwenye karatasi ya semina. Nikamweleza yote, mpaka lile swali. Kwa upole wake ule ule akasema amenielewa, atatuma klipu kwenye kundi aombe radhi mwenyewe, siku hiyo hiyo akitaka Mungu. Nikamwambia asithubutu. Sauti huku hatuzitaki tena, yake wala ya mtu mwingine. Apande basi, aje alete uso wake uani kwa shoga yangu, na mimi nitakuwepo nimtazame.