Spika Niliyoichagua kwa Kuikalia

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo nacheka peke yangu jikoni, mpaka wajukuu wanakuja kuchungulia kama bibi yao yuko sawa. Niko sawa kabisa. Nakumbuka tu nilivyokuwa mjinga nikiwa na miaka ishirini na miwili, gitaa la besi begani, najiona Arusha nzima hakuna kama mimi. Na kwa upande wa wanawake kweli hakukuwa, maana sikuwahi kumwona mpiga besi mwingine wa kike mjini. Hilo niachie nijivunie kidogo.

Nimesikia unatafuta spika ya besi ya kupigia hadharani, kwenye watu wengi na kelele nyingi. Nimefurahi mno! Damu imenichemka kama ni mimi ninayekwenda jukwaani. Basi weka hiyo simu pembeni kidogo, nikusimulie la kwangu kabla hujaenda dukani.

Bendi yetu ilikuwa inafanya mazoezi mtaa wa Sokon One, kwenye chumba cha matofali chenye dirisha dogo. Kiongozi alikuwa Elibariki, mpiga solo, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Mimi nilikuwa na amplifaya, spika sikuwa nayo. Nilikuwa naazima ya jamaa mmoja, ndogo na imechoka, na yeye mwenyewe akaja kuichukua. Wiki hiyohiyo Elibariki akaniita nje.

"Dada Aisia," akasema, "harusi mbili zilizopita watu wamelalamika besi haisikiki. Wenzetu wanataka tumwite yule kijana mpiga besi wa mtaa wa Daraja Mbili. Mimi nimewaomba tusubiri harusi ya Jumamosi kule Terrat, nje ya mji. Tafuta spika yako, uje upige. Wakikusikia, nafasi ni yako. Wasipokusikia, Jumatatu namwita yule kijana."

Nilimjibu kwa kiburi kwamba Terrat watanisikia mpaka mbuzi wao. Lakini moyoni niliogopa sana, mwanangu. Ile nafasi ilikuwa ndiyo maisha yangu. Nilijifunza besi kwa miaka minne nikichekwa, na mpiga besi asiye na bendi hana hata wimbo mmoja wa kupiga peke yake akaeleweka.

Hapohapo Sokon One kulikuwa na fundi seremala, Mzee Kaaya, Mmeru wa kule juu mlimani kwenye kahawa na migomba. Kazi yake ilikuwa mabenchi ya kanisa na milango, lakini alitengeneza pia maboksi ya spika, na mwenyewe alikuwa mwalimu wa kwaya usharikani kwake. Nikaenda siku hiyohiyo mbio, gitaa mkononi. Nikamkuta na maboksi mawili yaliyokamilika. Moja kubwa, jeusi, lina spika moja ya inchi kumi na nane, pana kama sinia la pilau. La pili fupi kidogo, lina spika nne za inchi kumi kumi, mbili juu na mbili chini, na lilikuwa halijapakwa hata rangi.

Nikachomeka gitaa kwenye amplifaya ya fundi, nikaiunganisha na lile kubwa. Weee! Nilipogusa uzi wa chini kabisa, takataka za randa zikaruka sakafuni, vioo vya dirisha vikalia, na fundi wa viatu wa jirani akatoka nje kuangalia kuna nini. Nikaona haitoshi. Nikalikalia lile boksi kama kigoda, nikapiga tena, na ule mtetemo ukanipanda kutoka kwenye makalio mpaka kwenye meno. Sijawahi kupenda kitu haraka namna ile. Hata baba watoto sikumpenda haraka hivyo, na anajua.

Lile la pili nililijaribu kwa heshima tu. Sauti yake ilikuwa kavu, ngumu, kama mtu anagonga meza kwa vidole. Nikacheka. "Mzee, hili si spika, hili ni debe," nikasema, na mafundi wake wakasikia wote.

Mzee Kaaya hakukasirika. Alifuta mikono, akaniambia, "Binti, ngoja kwanza. Tuyatoe nje yote mawili. Kamlete mpiga drams wenu. Halafu gitaa mpe mtu mwingine apige, wewe nenda kasimame kule barabarani usikilize."

"Mzee wangu, mpigaji ni mimi. Kwani mimi sijui ninachosikia?"

Akarudi kwenye randa yake. "Haya, mama," akasema. "Chukua." Nikalinunua lile kubwa.

Nitakuambia ukweli kwa nini sikumsikiliza, maana nimeshazeeka na sina cha kuficha. Boksi lilikuwa zito na sikutaka kulibeba mara mbili. Mpiga drams alikuwa anakaa mbali. Na zaidi ya yote, nilikuwa nimeshalipenda, na mtu aliyekwisha kupenda huwa hataki kuulizwa maswali. Utaniambia wewe kama hujawahi kuwa hivyo.

Jumamosi ikafika, tukapanda pikapu mpaka Terrat. Ilikuwa harusi kubwa ya Waarusha, uwanja mpana usio na ukuta wala mti wa maana, upepo na vumbi, maturubai yamepangwa kuuzunguka uwanja, ng'ombe wanaonekana kwa mbali. Akina mama wamevaa shanga zao nzuri, sufuria za nyama na za loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando, zinatoa mvuke. Nikalisimamisha boksi langu jeusi nyuma yangu, karibu kabisa, nikawasha amplifaya. Maharusi walipoingia tukaanza kupiga.

Miguuni mwangu ilikuwa raha tupu! Suruali ilikuwa inapepea. Nikafumba macho, nikapiga kama sijawahi kupiga. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikajisemea, yule kijana wa Daraja Mbili atafute kazi nyingine. Nilipofumbua macho, watu walikuwa wamekaa. Wanakula, wanazungumza, wanafukuza nzi. Mshereheshaji anawaomba wainuke, na aliyeinuka ni shangazi mmoja tu wa bibi harusi, naye angecheza hata kama tungekuwa tunapiga vijiko.

Tulipopumzika Elibariki akaja, uso umemshuka. "Dada Aisia, unapiga kweli?"

"Napiga! Huoni vidole?"

"Vidole naviona. Besi siisikii. Na wale kule mbele hawaisikii kabisa."

Nikawaka. Nikamwambia ana lake jambo, ameshaahidiana na kijana wake, anatafuta sababu. Yeye akaenda zake kunywa maji. Wakati huo mshereheshaji akaikaribisha kwaya ya usharika, na ni nani aliyesimama mbele ya kwaya? Mzee Kaaya, na suti yake ya kahawia. Na nyuma ya mpiga besi wao kulikuwa na nini? Lile debe, bado halina rangi!

Wakaanza. Mwanangu, sikuamini. Kila noti ya yule mpiga besi ilikuwa inatembea uwanjani peke yake, unaisikia ikipita katikati ya drams na sauti za waimbaji. Wazee waliokuwa wanakula wakaanza kutikisa vichwa. Akina mama wakasimama. Nikaelewa hapohapo kwamba tatizo halikuwa Elibariki.

Kilichobaki kilikuwa zawadi. Wewe unajua harusi zetu. Zawadi ndiyo kilele, kila kundi linakuja mbele likicheza na kile lilichobeba, na muziki usipowabeba wanatembea tu kama wanaokwenda kupima presha. Kama nitaipoteza zawadi, nimeipoteza bendi. Nikavuka ule uwanja mbele ya watu wote mpaka kwa Mzee Kaaya.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Nikusaidie nini?"

"Naomba kuazima boksi lako."

"Lipi?"

"Lile..." Nikaangalia chini. "Lile nililoliita debe."

Wanakwaya wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akaja jukwaani kwetu, wanakwaya wawili nyuma yake wamelibeba lile debe, akachukua gitaa langu, akamwomba mpiga drams aanze pole pole. Kisha akaninyooshea kidole kule mbali, kwenye turubai la mwisho la upande wa bibi harusi. "Nenda mpaka kwa wale akina mama. Ukifika, ndipo ugeuke."

Nikaenda. Akawa anapiga noti tatu zilezile kupitia lile boksi langu kubwa. Hatua kumi bado ninaisikia. Hatua ishirini imekuwa mngurumo tu, huwezi kujua noti gani ni ipi. Nilipofika kwa akina mama nilisikia drams, nikasikia upepo, basi. Niliwapigia maharusi wale nyimbo tatu nzima, na kwa wageni hawa sikuwapo!

Kisha nikamwona anainama, anakagua nyuma ya lile boksi lake kama linaendana na amplifaya yangu, anahamisha waya. Akapiga tena zilezile tatu. Zikanijia kifuani, moja, mbili, tatu, safi, kila moja na jina lake. Ile sauti kavu niliyoicheka karakanani ndiyo iliyokuwa inakata katikati ya kelele zote. Mama mmoja pembeni yangu, bakuli bado mkononi, mabega yalikuwa yameshaanza kucheza mwenyewe hajui, na shanga zinalia. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na papo hapo nilikuwa na furaha ya kutaka kupiga kelele. Nikarudi nikikimbia na vumbi langu.

Mzee Kaaya akanivisha gitaa. Akanisogelea ili wengine wasisikie. "Siku ile ulikaa juu ya lile jeusi, binti," akasema. "Hawa wageni wote nao watakuja kulikalia?"

Hayo tu. Akaenda kukaa na kwaya yake. Sijawahi kukaripiwa kwa maneno machache hivyo yakaniingia hivyo.

Tukaanza zawadi. Na hapa ndipo nilipoona la ajabu: miguuni mwangu sikuhisi karibu kitu. Raha yangu yote ilikuwa imeondoka, imekwenda kule kwa watu. Nikalazimika kupiga nikiwaangalia wao, mabega yao, magoti yao, kujua kama bado niko nao. Wakaja wajomba na mbuzi, mbuzi mwenyewe anavutwa kwa mdundo. Kikundi cha akina mama kikaja na mablanketi kichwani, wakifika mbele hawataki kuondoka. Vijana wakaingia wakiruka juu moja kwa moja, namna yao, na kila wakitua wanatua kwenye noti yangu! Vumbi likapanda mpaka simwoni Elibariki, nasikia tu solo yake inacheka. Mshereheshaji akaomba tupumzike, watu wakakataa. Nililia machozi huku napiga, na wala sikuona haya.

Tulipokuwa tunafungasha, Elibariki alikuwa anakunja waya, mimi nimesimama na maneno ya msamaha mdomoni, sijui pa kuanzia. Hakunitazama. Akamaliza kukunja waya wake, akautupa ndani ya pikapu.

"Jumatatu mazoezi ni saa nne," akasema. "Usichelewe."

Nikaenda nyuma ya lile gari nikalia tena, safari hii kwa sauti.

Sasa sikia, mwanangu. Sisemi spika ya inchi kumi na nane ni mbaya. Kwenye ukumbi wenye kuta, au ikisaidiana na nyingine, inafanya kazi nzuri sana. Ninachosema ni kwamba usichague spika peke yako ndani ya chumba, na kuta zinakusifia. Itakudanganya. Besi tamu ukiwa mwenyewe mara nyingi ndiyo inayopotea drams zikiingia, na ile unayoiona ngumu na mbaya dukani huenda ndiyo itakayokuokoa. Nenda na mpiga drams wako. Omba spika itolewe nje, na muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine. Gitaa mpe mwenzako, apige kwa sauti ileile ya kazini, halafu wewe utembee. Tembea mpaka pale atakaposimama mtu wa mwisho, usikilize ukiwa pale.

Soma pia kilichoandikwa nyuma ya boksi, wati zake, yaani nguvu, na omu zake, yaani ukinzani wa umeme, na umwonyeshe fundi kama vinakubaliana na amplifaya yako. Amplifaya ndogo ukiilazimisha mpaka mwisho itakuunguzia spika katikati ya wimbo, nimewaona wengi wakinusa ule moshi. Na libebe mwenyewe ngazi mbili tatu kabla hujalipeleka nyumbani, maana marafiki wa kubeba huwa wengi kabla ya onyesho tu. Akitokea mzee akakuambia ngoja kwanza, tafadhali ngoja. Mimi nilikuwa na haraka ya nusu saa, ikabaki kidogo initoe kwenye bendi.

Nenda sasa, nafurahi utadhani ni mimi. Mungu aibariki mikono yako na ailinde masikio yako. Akupe wenzako wa kukuambia ukweli mapema, kabla watu hawajajaa uwanjani. Na kule nyuma kabisa, mbali na jukwaa, akuinulie mtu asiyekujua hata jina, aweke chini bakuli lake acheze.