Meyo ya Kamachumu

Albina wa Kamachumu, kule Uhayani, anaishi Guangzhou mwaka wa kumi na nne sasa, na ukimuuliza kazi yake atakwambia ni wakala wa mizigo. Ni kweli. Ofisi yake iko ghorofa ya sita pale mtaa wa Xiaobei, na hakuna robota la wafanyabiashara wa Bukoba linaloondoka kabla hajaliandika jina la mwenyewe kwa kalamu nene nyeusi. Lakini hiyo inamlisha tu. Kazi yake hasa ni kuandika hadithi kwa Kihaya.

Huandika asubuhi, wateja wakiwa bado wamelala, nyuma ya orodha za mizigo iliyokwisha kusafiri. Aliwahi kujaribu simu, ikapiga mstari mwekundu chini ya kila neno, ukurasa mzima ukawa kama mtoto mwenye surua. Wapo wanaomwambia Kihaya ni cha kuongea, si cha kuandika. Hao ni wa kuhurumiwa, hawajamsikia akisoma.

Hadithi ikikamilika, humsomea Shangazi Yustina kwa simu. Huyu ni dada wa marehemu baba yake, ana miaka themanini na moja, hajatoka Kamachumu ila kwenda hospitali. Albina alijiwekea ahadi: siku Shangazi atakapokuta neno la uongo katika Kihaya chake, ataweka kalamu chini. Miaka mitano hakukuta.

Mwaka huu alikusanya hadithi kumi na mbili, akazipeleka kwa mchapaji kabla hajamsomea Shangazi ile ya mwisho. Hiyo ilikuwa ya enzi za bibi yake. Mama mmoja anakwenda kwa jirani kuomba moto, na jirani, mchoyo wa kupindukia, anamjibu kutoka ndani kwa neno moja. Albina akamsomea Shangazi neno hilo kwa mbwembwe zote: "Meyo."

Shangazi akamkatiza.

"Waitu, mwanangu," akasema, "meyo ndiyo nini?"

Albina alimweleza kuwa ni jibu la kumnyima mtu, na papo hapo akajisikia mwenyewe, akakatisha hadithi. Meyo ni Kichina cha sokoni: hakuna, hatuna, nenda zako. Wauza vitambaa wa soko la Zhongda humtupia mteja neno hilo siku nzima bila kuinua macho. Naye alikuwa amelitia kinywani mwa mwanamke wa Kamachumu wa zamani zile, na angeapa kwamba ni Kihaya. Hata Jovitus, mfanyabiashara wa nguo kutoka Bukoba, ajionaye kuwa anakijua Kihaya kuliko waliokizaa, alikuwa ameipitia hadithi ile mara tatu na kulisifu jibu hilohilo, akidai ni mama mkwe wake mtupu.

Iliuma, isemwe ilivyo. Albina alimwomba mchapaji asimamishe kazi, akazitia karatasi zake zote kwenye boksi, akalizungushia selotepu. Alimwambia Jovitus kwamba mtu ambaye ulimi wake umehama hana haki ya kuwaandikia watu wa kwao.  Wiki mbili Albina akawa wakala wa mizigo na basi.

Jumapili ya tatu alimpigia Shangazi, kumjulia hali tu. Hawajamaliza salamu, sauti ya jirani ikasikika mlangoni ikiomba chumvi. Shangazi akamjibu kwa sauti kavu: "Meyo."

Jirani akacheka, akaenda zake.

"Nimewafundisha wote hapa," Shangazi akasema. "Sisi tunamkatalia mtu kwa maneno mengi mno, mpaka unaishia kumpa. Hili linamaliza."

"Lakini Shangazi, ni la Wachina."

"Hata kahawa ilitoka kwa watu. Na ile hadithi uliniachia njiani, nami usingizi sipati. Yule mama alipata moto, hakupata?"

 Albina alikuwa ameshika kisu, anakata selotepu ya lile boksi.