Nilijitukana kwa group ya maziwa kila mtu akisikia, na mwenyekiti akaweka kidole gumba

"Wewe Kiprono ni bure. Hata hawa ng'ombe wanakujua. Umeshika mkia, na utazikwa umeshika mkia. Mwalimu Barnaba alisema, na si alikuwa anasema ukweli?"

Wakuu, hiyo ni sauti yangu mwenyewe. Sekunde arobaini na moja.

Niliituma saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa group ya WhatsApp ya wafugaji wa maziwa wa huku kwetu Kapseret, karibu na Eldoret. Kuangalia tena, tiki zimegeuka blue.

Nawasalimu wote humu jukwaani, wakubwa kwa wadogo. Mimi si mtu wa kuandika, shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo mkipata makosa rukeni muendelee. Uongo ndio hamtapata. Majina nitataja, na langu litakuwa ndani.

Sasa, members walijibu haraka kuliko vile wanakujanga mkutano.

Wa kwanza akaandika "Amen."

Wa pili akatuma picha ya ndama anauza.

Karani wetu, Mama Nekesa, akaniuliza mbele ya watu wote: "Mzee Kiprono, nimesikiza yote mpaka mwisho lakini sijasikia lita. Niandike ngapi?"

Halafu mwenyekiti wa group akaweka kidole gumba. Thumbs up. Basi.

Na mwenyekiti wa group ni nani? Ni huyo huyo Mwalimu Barnaba. Alistaafu akanunua ng'ombe watatu wa Friesian, tukamchagua kwa sababu anajua Kizungu.

Wacha nirudi nyuma ndio muelewe.

Siku ya kufunga shule, Mwalimu Barnaba alikuwa anasoma position mbele ya wazazi, kutoka namba moja mpaka wa mwisho. Hiyo shule zote zilifanya. Lakini wetu aliongeza ujuzi wake. Alikuwa na mkia wa ng'ombe, mkia wenyewe kabisa, alitoa kwa bucha, akaukausha akaufunga na waya.

Mtoto wa mwisho anaitwa mbele, anapewa ashike, anasema mara tatu: "Mimi ni bure." Halafu anaenda nao nyumbani likizo yote, anaurudisha siku ya kufungua.

Mimi niliurudisha mara sita.

Wazazi walikuwa wanacheka. Mama yangu pia alicheka kidogo, kwa sababu wengine walikuwa wanamwangalia yeye. Baba aliutundika mlangoni, akasema angalau utafukuza nzi.

Sasa mtu kama huyo, Mungu akampatia kazi gani? Ng'ombe.

Nina wanne. Mkubwa anaitwa Madam kwa sababu hataki kuguswa kabla hajakula. Kila asubuhi nikikaa chini na ndoo, Madam ananichapa usoni na mkia, na hapo hapo sauti inaanza kwa kichwa. Ona wewe. Ona ndoo imejaa nusu. Ona ya jirani.

Pastor wangu alisema ni sauti ya shetani. Wakuu, shetani hawezi kuwa na sauti ya mwalimu wa hesabu.

Akaniambia nifunge siku tatu. Nikafunga. Sauti ikaendelea, na njaa juu yake.

Shemeji yangu Wilson naye akasema, "Mtu wa Eldoret anapata aje stress? Amka ukimbie!" Nikaamka nikakimbia mpaka barabara ya airport, na gumboot. Sauti ilifika kabla yangu na haikuwa imechoka.

Ikafika mahali siamki. Mama Mercy, bibi yangu, ndiye anakamua. Nikiulizwa nasema ni mgongo. Kwetu mwanaume anaruhusiwa kuumwa na mgongo, goti na presha. Hiyo ya kwa kichwa hakuna mahali pake.

Ningeendelea hivyo mpaka leo. Kilichonitoa ni Mercy.

Mercy ni kitinda mimba wangu, yuko Grade 8. Jumamosi moja alikuwa kwa meza anafanya hesabu, nikaona karatasi imelowa. Nikamuuliza maji imetoka wapi.

Hakuinua kichwa. Akasema, "Niache tu baba. Mimi ni bure."

Nilisimama hapo kama mtu amepigwa na stima.

Kwa sababu Barnaba hajawahi kumfundisha Mercy hata siku moja. Ni nani alimfundisha?

Report ya siku hizi haina position, mnajua. Serikali iliondoa. Lakini mimi, mtu wa darasa la sita, nilizunguka kwa wazazi wengine nikiuliza marks za watoto wao, mmoja mmoja, mpaka nikampata mtoto wangu mahali yuko. Nilifanya hesabu ambayo sikuwahi kuweza shuleni. Halafu nikarudi nyumbani nikamwambia, nikicheka, "Umeshika mkia kama babako."

Nilisema nitataja majina. Hapo andikeni Kiprono.

Jumatatu nikapanda boda nikaenda kliniki. Nikaambia sister wa hapo, nesi anaitwa Akoth, kwamba mgongo unauma.

Akaniangalia. Akauliza, "Mzee, ukiwa peke yako unaongeanga na nani?"

"Siongeangi na mtu."

"Sijauliza mtu."

Wakuu, nililia. Mwanaume wa miaka arobaini na tisa, nimevaa koti ya mazishi kwa sababu ndiyo smart, nalia mbele ya msichana angeweza kuwa wa kwangu. Yeye hakushtuka. Akasukuma tissue upande wangu, akangoja.

Akanipa homework. Hiyo sauti ikianza, niseme kwa mdomo kile inasema, nirekodi kwa simu, niseme na jina la mwenye alisema mara ya kwanza. Halafu nimtumie yeye, tutasikiza pamoja nikirudi.

Sasa group yetu ina utaratibu wake. Wengi wetu kuandika ni shida, kwa hivyo kila asubuhi unatuma lita zako kwa sauti. "Kiprono, lita kumi na nane, Madam ana kidonda." Karani anasikiza anaandika. Kidole changu kimezoea kufinya hiyo group, miaka sasa. Asubuhi ya kwanza ya homework nilirudi kukamua mwenyewe, Madam akanichapa, nikarekodi vizuri kabisa, jina la mwalimu ndani, na kidole kikaenda pale kinaendanga.

Nikitafuta kufuta nilifuta kwa simu yangu peke yake. Wao wakabaki nayo.

Simu nikaitupa kwa gunia ya dairy meal, chakula ya ng'ombe. Nikaifukua saa nne.

Nikapata voice note saba, si kwa group, kwa inbox. Moja ni ya mzee ana ng'ombe wengi kuliko sisi wote, mtu akipita tunatoa kofia. Anaongea pole pole: "Kiprono, mimi pia nilishika hiyo kitu. Term tatu. Bibi yangu hajui mpaka wa leo." Unasikia kuku nyuma yake. Halafu anasema, "Haya, siku njema."

Mama Nekesa pia akatuma. Yeye si wa huku, alitoka upande wa magharibi. Kwao mwalimu alikuwa anavalisha wa mwisho kofia ya karatasi. "Na bado hujanipea lita," akamalizia.

Ya mwenyekiti haikuwa hapo. Nikampigia.

Akafurahi sana. "Kiprono! Unaona sasa? Hiyo discipline ndiyo ilikujenga! Leo si una ng'ombe wanne?"

Nikasema asante mwalimu. Nilimwambia asante, wakuu! Hiyo inaniuma kuliko voice note.

Sijapona, nisiwadanganye. Naenda kwa Sister Akoth kila baada ya wiki mbili. Sauti ikianza naijibu, "Barnaba, niko kazini." Siku zingine inanyamaza, siku zingine inaleta na wenzake. Madam sasa namfunga mkia kwa mguu kabla ya kukamua, kama vile wafugaji wote hufanya tangu zamani. Mimi nilikuwa naona nastahili kuchapwa.

Mercy nilimwomba msamaha. Akasema, "Sawa baba, lakini usinirekodi." Hajaacha kulia na hesabu. Lakini juzi aliniita nikae karibu, na mimi sijui hesabu.

Kile nimejifunza ni hiki tu. Hizo maneno unajiambia asubuhi, hukuzaliwa nazo. Kuna mtu alikupatia. Mtafute ni nani, na uangalie kama wewe hujampatia mtoto wako.

Ningenyamaza hapo. Lakini wiki iliyopita Mercy alileta barua kutoka shule. Siku ya kufunga, Ijumaa, mgeni wa heshima ni Mwalimu mstaafu Barnaba. Ataongea na watoto kuhusu kujiamini.

Comment ni ya kila mtu, walioshika na waliocheka. Niambieni kama nina makosa.

Lakini mwalimu, najua uko humu, nimeona ukishauri watu mambo ya silage, ile nyasi ya kuhifadhi. Nakuuliza mbele ya hawa wote kile nilishindwa kukuuliza kwa simu. Mtoto wa miaka kumi na mbili umemsimamisha mbele ya mama yake, ukamwambia aseme ni bure, na akisema polepole unamrudisha aanze upya. Ulikuwa unatafuta nini?

Ujibu hapa, kwa maneno yako. Ijumaa Mercy atakuwa amekaa mbele yako, na mimi nitakuwa kando yake. Usipokuwa umejibu, nitasimama nikuulize hapo, na safari hii hutasikia asante.